Sauti Iliyomzika Ami Abdulsamad

Tumbe, Jumamosi, 7 Septemba 2024

Laila wangu,

Salamu zote nimezitia ndani ya bahasha, zichague mwenyewe. Sisi wazima. Paka wenu kazaa ndani ya ndoo tupu ya unga, na mama yako hataki kumtoa.

Barua hii nampa yule kijana wa meli anayebeba vifurushi, kwa kuwa huko dahalia ya skuli kwenu simu mmeharamishiwa. Mie silalamiki. Kwenye simu huwa nasikia pumzi yangu mwenyewe tu mpaka mtu anakata. Kwenye karatasi naweza.

Habari kubwa: kaka Ashraf kanunua vyombo vya gari. Unakijua kile kirikuu chake cha kuchukulia samaki, ambacho redio yake ilikufa kabla hajakinunua. Sasa kaleta redio mpya ya kioo, spika mbili za milangoni, sabufa, amplifaya, na honi mbili za kufunga juu ya paa pamoja na maikrofoni. Anataka aache samaki afanye matangazo. Harusi, mikutano, maulidi, misiba. "Samaki huoza," kasema, "maneno hayaozi." Lakini mie najua sababu yake. Posa yake kwa Khairiya imeshapokewa, na kila akipita mbele ya Bi Mwanabaraka, mama wa msichana, yeye huziba pua kwa ncha ya mtandio. Nusu mzaha, nusu si mzaha.

Fundi wa kumfungia ni mimi. Usicheke. Kwa Ashraf waya mwekundu na waya wa kijani ni rangi moja, Mungu kamuumba hivyo, na mara iliyopita alipojitia ufundi aliunguza taa zote za nyuma. Basi yeye hushika tochi, mie naunga. Nimebandua ubao wa mlango nikakuta ndani kutu na magamba ya samaki yamegandana kama chokaa. Tundu la spika ya zamani lilikuwa dogo, nikakata duara la mbao nikalikaza kwanza, spika ikakaa juu yake. Waya wa umeme nimeutoa moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake karibu. Ule mweusi nimeukaza kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi mpaka bati likang'aa, maana usipokwangua redio hulia kila ukikanyaga mafuta, kama mbu anayekufuata. Fizikia tunasomeshwa kwa Kiingereza na nyumbani waya ni waya tu. Nikiwa nimelala chini ya dashibodi lugha zote mbili huninyamazia, mikono ndiyo inayojua.

Milangoni nimejaza vipande vya godoro na mpira wa tairi ya baiskeli ili spika zisitetemeshe bati. Ukifunga milango sasa, Laila, Tumbe yote inapotea. Hata adhana inakuja kama kutoka ng'ambo.

Zimebaki honi za juu. Amplifaya ina kitufe cha kuzungusha chenye sehemu tatu: ndani, nje, pamoja. Ashraf alinipa maikrofoni nijaribu. Nikamrudishia.

Akupendaye,
Kauthar


Unguja, Alhamisi, 12 Septemba 2024

Kauthar fundi mkuu,

Nimeisoma barua yako kitandani, wenzangu wakaninyang'anya wakaisoma kwa sauti. Sasa dahalia nzima inajua kwamba binamu yangu anafunga redio za magari. Mmoja kaniuliza, "Ni mwanamke kweli?" Nikamwambia ni mwanamke, ila hujawahi kumsikia.

Lakini wewe! Unaniandikia kurasa zote hizi, na ukija kwetu unabisha hodi kwa ukucha. Baba huwa anasema, "Kuna panya mlangoni au Kauthar?" Mwakani una mtihani wa kusema mbele ya walimu. Utawaandikia kiganjani kama unavyomwandikia Ashraf?

Sikiliza. Gari umelifunga mwenyewe, halisikiki nje. Ingia, funga milango, shika hiyo maikrofoni, sema. Sema chochote. Jitangazie harusi yako, nitangaze mimi kuwa rais, lolote. Hakuna atakayekusikia isipokuwa wewe, na wewe ndiye unayemuogopa. Ukishindwa usiniandikie tena.

Msalimie baba. Mwambie nimekuwa wa pili kwenye hesabu, na wa kwanza ni mgonjwa, huenda asirudi.

Laila


Tumbe, Jumatatu, 16 Septemba 2024

Laila,

Baba yako yu hai.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu. Ukisikia jengine, kwa mwalimu, kwa mtu wa meli, kwa yeyote, yu hai, mzima, leo asubuhi kala muhogo na pweza na kaulizia chumvi. Aliyemuua ni mimi.

Jana tulimaliza honi. Ashraf akenda kuswali alasiri, akaniacha nikaze skrubu za amplifaya chini ya kiti. Gari lilikuwa mbele ya nyumba, limeelekea barabarani. Nilipomaliza nikafunga milango, nikapandisha vioo. Kimya kile! Kama niko ndani ya yai. Maikrofoni ilikuwa kwenye kiti cha dereva. Nikakumbuka barua yako.

Nilipuliza kwanza. Spika zikanirudishia pumzi pana, nzito, kama ya mwanamke mwengine aliyekaa nyuma yangu. Nikasema jina langu. Halikunitisha. Nikataka kusema kitu kirefu, na kitu kirefu ninachokijua kwa moyo ni tangazo la msiba, tangu utoto tunalisikia likipita. Na tangazo la msiba ni lazima umtaje marehemu na jamaa zake, baba wa nani, mjomba wa nani, ili kila anayesikia ajijue yumo. Jamaa ninaowajua bila kukosea ni wa baba yako, kwa kuwa ndio wangu.

Kuna na jengine. Mtu mwengine ningeogopa kumtaja, ningesema isije ikawa kweli. Kumtaja Ami, baba yako, sikuogopa. Niliona yule hafi. Kuna watu unawaona hivyo.

Basi nikasema. "Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Kinatangazwa kifo cha Mzee Abdulsamad wa Tumbe, kilichotokea leo huko kisiwani Fundo. Marehemu ni baba yake Laila aliyeko masomoni Unguja, ni ami yake Ashraf na Kauthar, ni kaka wa marehemu Bi Asya wa Kengeja..." Nilitaja Fundo kwa vile asubuhi alikwenda kumtazama mgonjwa huko. Nikasema maiti iko njiani. Nikaona nimeruka jina, nikalirudia lote tangu mwanzo. Mara ya pili nililia kidogo, kwa vile nilivyokuwa nasema vizuri.

Kitufe kilikuwa kwenye "pamoja". Ashraf alikizungusha alipojaribu honi, akakisahau. Mie sikukitazama.

Nilijua nilipoona watu wanakimbia. Niliwaona kwa kioo, bila sauti. Mwenye duka anateremsha mlango wake. Mwanamke anapita na kanga moja begani, mdomo wazi, na mie sisikii kitu. Nilidhani ni moto. Nikafungua mlango ili niulize, na kilio kikaniingia chote kwa pamoja.

Laila, hukuwapo. Walimpigia simu baba yako, haipatikani, chaji ilimwishia. Wanaume wakajaa gari mbili kwenda Wete kuipokea maiti bandarini. Wengine wakashika majembe. Mama yako aliwekwa chumbani, wakamvua bangili na herini, wakamfunga kanga nyeupe, naye anafanya kila anachoambiwa kama mtoto anayevishwa. Nilisimama mlangoni pale. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua.

Ami kapishana njiani na waliokwenda kumpokea. Kashuka kwenye gari ya abiria, pweza mkononi, akaona barza yake imejaa watu. Akamweka pweza chini, akainua mikono, akamsomea marehemu Fatiha kama wengine. Alipomaliza akamgeukia jirani, taratibu:

"Kafa nani?"

"Weye," yule jirani akamwambia.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliruka dirisha. Na mama yako alipomuona amesimama mlangoni alijifunika uso akasema, "Mwambieni asinisogelee, mie niko edani."

Baada ya Magharibi Sheha akawakusanya watu. Gari ni ya nani? Ya Ashraf. Nani alitangaza? Ashraf akasema kweli papo hapo: "Ni mdogo wangu Kauthar, alikuwa anajaribu maikrofoni, hakujua." Wote wakanigeukia.

"Kauthar," Sheha akaniuliza, "ni wewe?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Aliniuliza tena. Nikavitazama tena.

"Muogope Mungu, Ashraf," mtu akasema. "Mtoto huyu akikuamkia lazima uiname ndiyo umsikie. Ile ilikuwa sauti ya mtu mzima." Na kweli, zile honi huikuza sauti zikaipa kifua. Watu wote wa Tumbe wameisikia, na hakuna hata mmoja aliyeijua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunisikia.

Ndipo Bi Mwanabaraka akainuka. "Kwa hiyo garini mlikuwa na mwanamke," akamwambia Ashraf. "Msichana wangu yumo ndani anatiwa hina kwa ajili yako, na wewe unafungiana vioo na mwanamke."

Ashraf alinitazama. Alinipa muda. Nikavihesabu vidole.

Wanasema posa itarudishwa. Nimemwambia Mama ni mimi, akanibusu kipaji akalia: "Unamtetea kaka yako, mwanangu. Una moyo mzuri." Sina moyo mzuri. Nifanye nini?

Kauthar


Tumbe, Jumanne, 17 Septemba 2024

Kwa mwanangu Laila, kutoka kwa baba yako, ambaye hakufa.

Mwanangu, siku ile nilipokupigia kwa simu ya mwalimu wako nilikusikia unalia tu, hukunijibu hata neno, nikaona nikuandikie, ili uwe na mwandiko wangu mkononi. Maiti haiandiki.

Mie ni mzima. Mama yako kavaa bangili zake, lakini akinipa chai bado ananitazama mikono. Usihuzunike. Nimepata ambacho wengi hawapati. Sheha alikuwa keshanisifu mbele ya watu kabla sijafika, na sifa zenyewe nzito, sijui sasa nitaishi nazo vipi. Majirani wawili walioniapia hawatokanyaga kwangu niliwakuta wamekaa mbele kabisa. Mmoja alipotambua niko hai aliondoka bila kuniaga, kakumbuka kwamba tumenuniana.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wazee wakasema kaburi haliachwi na njaa, basi wakazika gogo la mgomba. Nilisimama nikatazama. Nilitia na mimi udongo, viganja vitatu, ilivyo sunna. Nimekuwa nikiliota gogo lile.

Jambo linalonikera ni la kijana wetu Ashraf. Alimpakia mwanamke asiyejulikana, akamwachia maikrofoni, na sasa anamsingizia Kauthar, mtoto ambaye hana sauti ya kufukuza kuku. Sikulitegemea hilo kwake. Bi Mwanabaraka kaamua: Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, posa inarudishwa, na mimi kama ami yake ndiye niende kuipokea. Aibu hii yote juu ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kitu kimoja tu hakinikai. Waliosikia wananisimulia kuwa huyo mwanamke alitaja ukoo wangu wote, hata dada yangu Asya wa Kengeja, Mungu amrehemu, aliyefariki kabla wengi wao hawajazaliwa. Ndiyo maana waliamini. Mwanamke wa kupakiwa barabarani kamjulia wapi Asya? Na wanasema mara ya pili alilia. Mtu wa mzaha halii.

Ukijua lolote, niandikie. Soma kwa bidii.

Baba yako,
Abdulsamad


Unguja, Jumamosi, 21 Septemba 2024

Kauthar,

Barua yako na ya baba zimefika kwa mkono mmoja. Sikukusudia kukujibu. Nilisema nitakaa mpaka likizo, nije nipite mbele yenu bila ya kutazama.

Nikwambie jinsi nilivyoambiwa. Jumapili jioni tulikuwa tunatawadha. Mwalimu wa zamu akaniita ofisini akanifungia mlango, akanivutia kiti. Mwalimu yule hajawahi kumvutia mtu kiti. Kabla hajasema nilikuwa nimeshajua. Akasema, "Laila, Mungu ndiye aliyetoa." Sikulia. Nilimuuliza kama naweza kumaliza kutawadha. Nikatoka nikaosha mguu wa kushoto, nikasahau kama nimeshaosha wa kulia, nikaosha tena, na tena. Wenzangu wakaja kunizuia.

Kisha simu ikalia, na ndiye baba. Kati ya Magharibi na Isha nilikuwa yatima, Kauthar. Ni muda mfupi. Lakini huko kwa mayatima nimeshafika, najua kunavyonuka, na siwezi kurudi nikawa kama sijafika.

Na kumbe mwenye kukutia kwenye gari ni mimi. Nilikutania ukucha wako. Nimeisoma tena nakala ya ile barua kichwani mwangu: "Sema chochote." Kwa hiyo hasira zangu hazijui zianzie wapi. Nikikulaani wewe naanza kwangu.

Lakini kunyamaza mbele ya Sheha sikukutuma mimi. Hilo ni lako peke yako. Ashraf alisema kweli, ukamfanya mwongo kwa vidole vya miguu. Unaniuliza ufanye nini? Unajua. Umeniandikia kurasa nzima ili nikwambie usifanye.

Nenda kwa baba. Yeye ndiye uliyemuua, mwanzie yeye. Hataki kukudhania, nimeona kwenye barua yake, anazunguka zunguka jina lako kama mtu aliyeona nyoka njiani. Sijamwandikia kitu. Sitakusemea. Ukimwacha Ashraf ampoteze Khairiya huku wewe unaandika vizuri, usinipe mwandiko wako tena.

Laila


Tumbe, Jumamosi, 28 Septemba 2024

Laila,

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilikwenda kwenu jana asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa. Ami alikuwa uani anapiga pasi kanzu ya kwenda kupokelea aibu yetu. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimeandika karatasi. Nikaitazama karatasi, nikaikunja, nikaitia mdomoni nikaitafuna, ili isiwepo.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema tena."

"Ni mimi niliyesema. Kwenye gari."

Aliweka pasi chini. Hakukasirika, Laila, ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyekatwa miguu. "Mie nilijua ni mtu wa humu ndani," akasema. "Asya hamjui mtu wa nje. Nilijua tangu juzi, nikasema moyoni, asiwe yule, kwa sababu yule ndiye peke yake ambaye sikumdhania kunitakia kifo." Nikamwambia sikumtakia. Nikamwambia nilimtaja yeye kwa vile niliona hafi. Pasi ikaanza kuunguza kitambaa, akaiinua.

"Nikitoka sala utanifuata," akasema.

Tulipofika nyumbani kwa Bi Mwanabaraka watu walikuwa wameshakaa. Baba yake Khairiya, Sheha, Mama, shangazi zao. Bibi yao, Bi Mwanapili, kwenye mkeka ukutani, yule asiyeona tena vizuri. Katikati kuna sinia, pete juu yake, kanga mbili zimekunjwa, kitambaa kimelifunika nusu. Ashraf kakaa karibu na mlango na koti lake la kuendea harusi za watu, haangalii mtu. Khairiya yuko nyuma ya pazia, ncha za vidole vyake zinaonekana chini.

Ami akasema kabla ya kukaa, "Mwanamke wa garini nimemleta." Watu wakatazama nyuma yangu, mlangoni. Wakangoja aingie.

"Ni huyu," akasema.

Shangazi mmoja akacheka. Bi Mwanabaraka hakucheka. "Mzee Abdulsamad, nakuheshimu. Umefufuka juzi, hatutaki kukuudhi. Lakini usituletee mwali asiyeweza kusema hodi ili tumsamehe kaka yake. Kwanza mwenyewe hasemi. Kauthar, ni wewe?"

Nikasema ndiyo. Naapa nilisema. Ilitoka kama pumzi ya birika.

"Unaona?" akasema. "Sinia hili hapa."

Nikaona mkono wa Ashraf unaifuata pete. Laila, nilitaka kufa pale pale, kwa kweli, si kwa kutangazwa. Ami akanishika bega akanigeuza nimtazame yeye.

"Walichokisikia ni kile," akaniambia. "Hawatakuamini kwa chengine. Niue tena."

Mama akapiga kelele, "Astaghfirullah, shemeji!"

"Niue tena, mwanangu. Mara ya kwanza sikuwepo."

Sikuwa na maikrofoni. Sikuwa na milango wala godoro. Nilikuwa na uso wa Ami mbele yangu, mzima, jasho puani, na ikanibidi niuambie uso ule kwamba umekufa. Nikafumba macho. Akasema, "Fumbua."

Nikafumbua. Nikaanza, na mwanzo ulikatika. Nikarudi. "Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Kinatangazwa kifo cha Mzee Abdulsamad wa Tumbe." Sauti ikashuka ikapata kifua. Sijui kilitoka wapi, honi hazikuwepo. Nilisema kisiwani Fundo. Nilisema baba yake Laila aliyeko masomoni Unguja, na hapo macho ya Ami yakajaa, lakini hakuyaondoa kwangu. Nilisema kaka wa marehemu Bi Asya wa Kengeja. Nilisema lote mpaka maiti iko njiani. Nje watoto waliacha kucheza. Mtu mmoja barabarani akauliza kwa nguvu, "Nani tena, jamani?"

Ndani Sheha alikuwa ameshika kofia yake. Bi Mwanabaraka alikuwa ameinuka nusu, kama siku ile alipolisikia tangazo jikoni kwake, mkono umeshaanza kuitafuta kanga.

Bi Mwanapili ndiye aliyeanza. Alikuwa analia kwenye mkeka wake, kwa hakika, anamlilia marehemu. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo. Aliniondosha kwenye sala siku ile. Mwanamke gani huyu, mbona anaua vizuri hivi?"

Pazia likatikisika. Khairiya alikuwa anacheka au analia, sikujua, kisha nikajua ni vyote. "Mama," akasema kutoka humo, "rudisha hilo sinia ndani, nguo zitaingia vumbi."

Bi Mwanabaraka alinitazama muda. Hakunisamehe, usidhani. Kaniambia, "Wewe, siku kaka yako alipokuwa anachomwa ulikuwa na sauti hii tumboni?" Nikamjibu, "Ndiyo, Bi." Akasema, "Basi wewe ni mbaya kuliko mwanamke wa barabarani." Nikamjibu, "Ndiyo, Bi." Kisha akalivuta sinia kwake. Baba yake Khairiya akasoma Fatiha, na safari hii alimsomea nani, sijui.

Ashraf akatoka bila ya kungoja kahawa. Nilimfuata. Alikuwa ameshafika mbali, anakwenda kwa hatua za mtu asiyetaka kufikiwa, na mkono wa kulia ile barza kubwa imejaa wanaume waliotoka sala, wote ninaowapita kila siku huku nimeinamisha kichwa. Nilijua nikikimbia sitamfikia. Nilijua akifika nyumbani atajifungia, na kesho itakuwa vigumu zaidi, na keshokutwa itakuwa imeshakuwa ndivyo tulivyo.

Nikasimama katikati ya njia. Nikamwita, jina lake lote na la baba yetu, mbele ya barza nzima.

Wakageuka wote. Yeye wa mwisho.

Kauthar